Ukurasa wa Mia Moja na Kumi na Mbili

Hakuna mtu anayeshuka ngazi huku amevaa miwani ya kusomea. Inspekta alikuwa amemweleza mkubwa wake jambo hilo mara mbili, na mara zote mbili mkubwa wake alimjibu kwamba wazee wana mambo yao.

"Mzee wa miaka sabini na moja, ana presha, ngazi zimepigwa deki asubuhi ile ile," mkubwa alisema. "Unataka nini tena, Sindano? Funga jalada."

Sindano ni jina walilompachika wenzake kikosini, kwa kuwa alikuwa mwembamba na akishaingia mahali hatoki bila kuvuta uzi. Jalada hakulifunga. Alhamisi asubuhi alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la chama cha wahasibu, ndani ya chumba ambamo majaji wa Tuzo ya Ripoti Bora ya Mwaka walikuwa wamejifungia wiki sita. Palikuwa na meza ndefu, viti vinane, kabati la chuma, na ripoti za makampuni arobaini na moja zilizopangwa ukutani, karatasi zake nzito na za kung'aa kama za kalenda za ukutani. Kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha, kulikuwa na mto mdogo uliobonyea katikati. Ulikuwa mto wa marehemu.

Marehemu alikuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka arobaini, na mji mzima wa wahasibu ulimwita Mzee Nukta. Aliwahi kuirudisha ripoti nzima ya benki kwa ajili ya nukta moja iliyokaa mahali pasipo pake. Wenye benki walicheka, mpaka walipokuja kugundua kwamba nukta ile ilikuwa imemeza thamani ya jengo lao la makao makuu.

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mfagiaji alimkuta kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Kichwa kilikuwa chini, miguu juu, uso umeelekea dari. Miwani ya kuonea mbali ilikuwa mfukoni mwa shati, nzima ndani ya kasha lake. Miwani ya kusomea ilikuwa usoni, kioo kimoja kimepasuka.

"Anayeteleza akiwa anashuka hukaa kitako," Inspekta alimwambia Katibu wa tuzo. "Huyu alianguka kinyumenyume. Alizipa ngazi mgongo, alikuwa amesimama pale juu anasoma kitu. Lakini hatukukuta hata kipande cha karatasi. Alikuwa anasoma nini?"

Katibu alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu kuanzia kilemba hadi viatu, na tangu Inspekta aingie alikuwa ameshatazama saa mara tatu.

"Alikuwa anasoma kila kitu, Inspekta. Hata maandishi ya kwenye kopo la maziwa alikuwa anayasahihisha." Alitaka kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Kesho saa sita mchana tunatoa kombe. Nimealika watu mia tatu. Nikuombe tu, kama kuna jambo, lingoje mpaka kesho alasiri."

"Alama mnazitoaje?"

Hapo Katibu alichangamka kidogo, maana aliulizwa kazi yake. Jumla ni alama mia, alisema. Thelathini za hesabu na maelezo yake, ishirini za uongozi, ishirini za hatari zinazoikabili kampuni, kumi na tano za wafanyakazi na usalama wao, kumi za lugha, tano za sura. Kila jaji husoma peke yake, hujaza karatasi yake, kisha jopo hukutana. Bahasha zikishapigwa lakiri, hazifunguliwi mpaka ukumbini.

"Nani mshindi?"

"Hiyo ni siri."

"Mama, mimi nina maiti."

Katibu alivuta pumzi, akafungua kabati, akamtolea nakala ya karatasi ya Mzee Nukta. Ripoti namba kumi na tisa, kiwanda cha sabuni. Alama tisini na nne. Kwenye mstari wa usalama mzee alikuwa ametoa kumi na tano juu ya kumi na tano, na pembeni ameandika kwa mkono ulionyooka kama mstari wa rula: *Uwazi wa kuigwa.*

"Na hii?" Inspekta aliuliza. Chini ya karatasi ile kulikuwa na barua fupi ya mkono ule ule, ya Jumatatu. *Naomba jopo likutane tena juu ya namba kumi na tisa. Nimekosea.*

"Bahasha zilikuwa zimeshafungwa," Katibu alisema. "Kanuni ya kumi na nne. Nilimjibu kwa maandishi."

"Hukumuuliza amekosea wapi?"

"Kanuni haisemi niulize."

Chini getini, mlinzi alimpa daftari la wageni. Lilikuwa daftari safi, limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Jumatatu alasiri kulikuwa na mgeni mmoja wa Mzee Nukta, mwanamke, na namba yake ya simu. Jumanne asubuhi alikuwepo mmoja tu kwa jengo zima: Meneja Uhusiano wa kiwanda cha sabuni, aliyeingia saa tatu na dakika tano. Sehemu ya kutoka ilikuwa wazi.

"Umeandika wageni wote?"

"Wote, afande. Hapa hapiti mgeni bila kuandikwa. Hata waziri nilimwandika."

Inspekta aliyapanga mambo kichwani. Kampuni inakaribia kushinda, jaji anataka kuipokonya, mtu wa kampuni anaingia, jaji anakufa. Lilikuwa limenyooka mno, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Alianza na mgeni wa Jumatatu. Alimkuta nyuma ya hospitali, kwenye ua wa kufulia, anatundika mashuka. Alikuwa mjane wa mchomeleaji vyuma. Aliposikia Inspekta ametoka wapi, aliifuta mikono kwenye kanga, akatoa kifuani kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne.

"Huyu wa pili kutoka kushoto, anayecheka. Huyu ndiye mume wangu."

Lilikuwa tangazo la kiwanda cha sabuni kujipongeza kwa kuingia fainali za tuzo. Vijana wanane kwenye kofia za kazi walikuwa wamesimama mbele ya tanki kubwa la mvuke.

"Picha walipiga mwezi wa tano," mjane alisema. "Mwezi wa saba tanki hilo hilo likapasuka. Wakafa sita, hapo hapo. Wengine hata kuwatambua ilikuwa kazi. Sasa juzi nikafungiwa vitunguu kwenye gazeti hili, namwona baba watoto ananichekea. Nikauliza watu, hii ripoti ni nini? Nikaambiwa ni kitabu ambacho kampuni inaeleza mambo yote yaliyotokea kwa mwaka mzima. Nikasema, basi wamewaandika. Nikaenda kuomba wanionyeshe tu jina lake. Sikwenda kuomba hela, baba, usije ukadhani."

"Sijadhani, mama. Mzee alikuonyesha?"

"Alinikalisha, akaniletea maji, akafungua kitabu. Picha ipo, kubwa, ukurasa mzima. Akaenda mbele, akafika mahali pa ajali. Akasoma. Nikamwona anavua miwani, anaifuta, anavaa tena. Akanigeuzia. Palikuwa na neno 'Vifo kazini', na mbele yake sifuri." Mjane alilikunja gazeti taratibu. "Akaniambia, 'Mwanangu, mimi ndiye niliyewapa alama kwa hii sifuri.' Mzee wa watu."

"Alikuuliza lolote?"

"Aliuliza ni nani aliyekuja kupiga picha. Nikamwambia alikuja mama mmoja mpole na mpiga picha wake, akawahoji vijana, akaahidi kuwaletea kila mtu nakala yake. Nilikuwepo siku hiyo, nilimpelekea mume wangu chakula. Yule mama ana alama ya moto hapa, kwenye mkono wa kushoto, kubwa kama kiganja. Basi nilipotaja hiyo alama, mzee akakifunga kitabu. Hakuuliza tena. Mpaka nikaaga mwenyewe."

Ofisi za kiwanda cha sabuni zilinukia ndimu mpaka machozi yakatoka. Meneja Uhusiano alimpokea Inspekta kwa shavu lililovimba kama ameficha embe mdomoni.

"Nilipeleka boksi la kadi za mwaliko," alisema kwa shida, pamba ikimtokeza penye ufizi. "Saa tatu na nusu nimeshatoka. Saa nne nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, nalia kama mtoto. Muulize."

Inspekta alipiga simu. Daktari wa meno alithibitisha, akaongeza bila kuulizwa kwamba jino lenyewe lilikuwa na mizizi kama mti wa mpira na amelihifadhi, kama polisi wanalihitaji. Uzi ukakatika mkononi mwake hivi hivi.

Akabaki amekaa. Hakuwa na sababu ya kukaa, lakini alikaa. Kwenye meza ya vioo kulikuwa na ripoti ile, imesimamishwa kama picha ya bwana harusi.

"Mwezi wa saba walikufa watu sita kwenye tanki lenu," alisema.

Meneja hakushtuka, na hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote. "Masikitiko makubwa," alisema. "Tulituma ubani."

"Mmeandika sifuri."

"Hatujasema uongo, Inspekta. Ripoti hii imepita kwa wakaguzi, kwa wanasheria, kwa majaji. Fungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Chini. Namba saba."

Inspekta alifungua. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Ilimbidi asogee dirishani. *Takwimu za usalama zinahusu waajiriwa wa kudumu wa kampuni. Watu walioletwa na mawakala wa vibarua hawamo.*

"Mwaka juzi maneno haya yalikuwepo?"

"Hapana. Mwaka huu ndipo tumeboresha uwazi wetu."

"Na huyo wakala?"

Meneja aliinua mabega. "Alifunga ofisi. Nasikia pale sasa wanauza simu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anajishika shavu. Inspekta alitafuta kwenye sura ile aibu, hofu, hata kiburi, na alichokiona ni maumivu ya jino. Alipokuwa mpelelezi wa wilaya alikamata wezi waliolala macho kwa hofu ya kukamatwa. Hapa hakuna aliyekosa usingizi. Jambo lilikuwa limeandikwa, limechapwa, limesambazwa nakala elfu mbili, na lilikuwa linangoja kombe.

Alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Ripoti ilikuwa mapajani, Meneja alimpa bure, na kifuko cha kuibebea. Akasoma tena ile namba saba. *Hawamo.* Hesabu ilikuwa sahihi kwa sababu mtu alikuwa ameshaamua mapema nani ni mfanyakazi na nani si mfanyakazi. Akarudia kimoyomoyo mara mbili, mara tatu, kisha akaliwasha gari kwa nguvu hadi likakohoa.

Mlinzi wa jengo la wahasibu alisimama alipomwona anarudi.

"Nilikuuliza kama umeandika wageni wote," Inspekta alisema.

"Wote, afande. Naapa."

"Nakuamini. Sasa niambie, Jumanne asubuhi aliingia nani ambaye si mgeni?"

Mlinzi alikuna kichwa chini ya kofia. "Si mgeni? Hao ni wengi. Wafanyakazi wenyewe. Mfagiaji. Mtu wa kusoma mita. Na dada."

"Dada gani?"

"Binti wa mzee. Kila siku saa nne anamletea baba yake dawa ya presha, maana mzee alikuwa anaisahau makusudi. Yule si mgeni, afande, yule wa hapa hapa. Nitamwandikaje?"

"Jumanne alikuja?"

"Alikuja. Tena siku hiyo alikuwa na bahasha ya kaki, hata salamu aliitikia nusu nusu. Kutoka sikumwona. Nadhani alipita mlango wa nyuma, kwenye maegesho. Muda si muda nikasikia mfagiaji anapiga mayowe." Mlinzi alianza kuelewa. "Afande, mimi nimefanya kosa?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Wewe uliandika ulivyofundishwa."

Jumanne ile ile jioni, binti wa marehemu alikuwa amempa Inspekta maelezo. Alisema mara ya mwisho kumwona baba yake ni asubuhi, nyumbani, mzee akifunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mirefu, na analia kilio cha watu wasiotaka kusikika. Inspekta alimwonea huruma akamwacha aende zake.

Ofisi ya binti ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi: meza nne, mashine ya kuchapa, kurasa zimebandikwa ukutani kwa mpangilio. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti za mwaka kwa niaba ya makampuni. Alikuwa peke yake, mikono ya blauzi ameikunja mpaka kwenye viwiko kwa ajili ya joto. Alama ya moto ilikuwa pale pale, mkono wa kushoto.

Inspekta alivuta kiti bila kukaribishwa, akaweka ripoti ya sabuni mezani.

"Nyuma pameandikwa kwamba imeandaliwa na kampuni nyingine," alisema.

"Ni ya rafiki yangu." Binti hakujizungusha. "Baba alikuwa jaji. Nisingeruhusiwa. Nilimwambia mwaka huu sina kazi yoyote mashindanoni."

"Jumanne ulimpelekea dawa."

"Kila siku nampelekea dawa." Halafu akakaa, polepole, kama mtu anayetua mzigo ambao hana nguvu tena ya kuutua vizuri. "Umeshajua, Inspekta. Niulize tu."

"Kwenye bahasha kulikuwa na nini?"

"Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Ule wa kwanza."

Alieleza bila kupandisha sauti. Rasimu ya kwanza aliiandika yeye mwenyewe baada ya ajali: vifo sita, tarehe, chanzo, tanki lilikuwa limepitisha muda wa kukaguliwa. Aliwapelekea. Ikarudi imekatwa kwa kalamu, mwandiko wa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, na pembeni ameandika, *Hawa si wetu. Tafuta namna.* Akatafuta namna. Namba saba ilikuwa namna.

"Wafanyakazi wangu wanne walikuwa hawajalipwa miezi miwili," alisema. "Lakini ile karatasi sikuitupa. Sijui kwa nini. Jumatatu jioni baba alirudi nyumbani. Akakaa tu ananitazama huu mkono. Niliungua jikoni kwake nikiwa na miaka sita, alinibeba mbio mpaka zahanati. Akaniuliza, 'Ni wewe?' Nikamwambia, 'Ni mimi, baba, lakini mwanzo niliandika kweli.' Akasema, 'Nionyeshe.'"

"Ukampelekea."

"Nilitaka aone tu kwamba mimi si mwongo. Basi. Aone, anirudishie. Alinipokea pale juu ya ngazi, hakutaka tuingie chumbani, Katibu alikuwa karibu. Akavaa miwani. Akasoma mpaka mwisho. Halafu akaikunja akaitia kwenye koti lake, akasema, 'Hii naipeleka kwa jopo.' Nikamwambia, baba, nimesaini mkataba wa siri, watanifunga, watanifilisi. Akasema, 'Wewe una baba wa kukuulizia. Wale vijana sita hawana wa kuwaulizia.' Nikaingiza mkono kwenye koti, nikaipata, akanishika. Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu, Inspekta. Ilipochomoka, aliachia vyote, akaenda kinyumenyume."

Chini, dukani, mtu alikuwa anakata bati kwa msumeno. Wote wawili walingoja kelele zipungue.

"Nilishuka kwake. Nikamwita. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananitazama. Nikasikia ndoo ya mfagiaji inaburutwa juu. Nikakimbia."

"Karatasi iko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Pembeni ya mashine ya kuchapa kulikuwa na mashine nyingine ndogo ya kukatakata karatasi, na chini yake kapu.

"Takataka zilichukuliwa jana. Sikutaka kuiona tena. Nilidhani nikiikata nitapumua."

Inspekta aliinuka akaenda kulitazama kapu, ingawa alishaambiwa. Lilikuwa tupu. "Kwenye kompyuta?"

"Yapo maneno yangu tu. Mwandiko wake ulikuwa pale pale, kwenye ile karatasi moja." Alinyoosha mikono mbele, amefunga ngumi, kama watu wanavyofanya kwenye sinema. Inspekta alimwambia aishushe, hakukuwa na haja.

Ijumaa saa sita mchana kombe lilitolewa. Pale kituoni waliliona kwenye runinga ya kaunta, askari wa zamu wakila karanga. Ukumbi ulisimama dakika moja kwa heshima ya Mzee Nukta. Kisha Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda cha sabuni akapanda jukwaani, akalibusu kombe, akasema analitoa kwa kumbukumbu ya mzee aliyewafundisha watu wote wa fani ile kuandika ukweli. Watu mia tatu walipiga makofi. Katibu alionekana mstari wa mbele, anafuta machozi, na Inspekta aliamini kabisa kwamba machozi yale ni ya kweli.

Saa nane mwendesha mashtaka alimwita. Alikuwa amesoma maelezo ya binti, kurasa nne, amezitandaza mezani.

"Kazi nzuri," alisema. "Kuua bila kukusudia, ungamo safi, mlinzi anaunga mkono. Hili linasimama. Ila hapa katikati." Aligonga ukurasa wa pili kwa kalamu. "Habari za tanki, watu sita, sijui mwandiko wa nani. Zitoe."

"Ndiyo sababu ya ugomvi wenyewe."

"Ugomvi wa kifamilia kuhusu nyaraka za kazi. Inatosha. Bwana Sindano, ushahidi wa hao sita uko wapi? Umeushika? Mwajiri wao ni wakala, wakala hayupo. Ukaguzi wa matanki ni wa ofisi nyingine, na ofisi hiyo imeshaandika kwamba ni bahati mbaya. Nikipeleka maelezo haya kama yalivyo, wakili wa kiwanda atasimama siku ya kwanza, kesi itakwama mwaka mzima, na mwanamke atakaa rumande mwaka mzima. Unamtakia hilo?"

Inspekta alizikusanya zile kurasa nne mezani.

Akarudi, akaketi mbele ya kompyuta, akayaandika upya mwenyewe. Hakutaka kumwachia karani. Kurasa nne zikawa mbili na nusu. Alipomaliza aliyapeleka mahabusu, na binti akayasoma akiwa amesimama chini ya kidirisha, kidole kikifuata mstari baada ya mstari. Alipofika pale palipokuwa na watu sita, kidole kilisita, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Wametolewa," alisema.

"Wametolewa."

"Nani aliyeandika hivi?"

"Mimi."

Binti alisoma mpaka mwisho. Kisha akamwomba kalamu. "Umeandika vizuri," alisema bila kejeli yoyote. "Mtu hawezi kujua kama palikuwa na kitu." Akasaini.

Kwenye korido, juu ya benchi la mbao, mjane wa mchomeleaji alikuwa amekaa tangu asubuhi. Inspekta ndiye aliyemwita aje kutoa maelezo, kabla hajaitwa na mwendesha mashtaka, halafu akamsahau. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari la shule.

"Zamu yangu imefika, baba?"

"Mama," Inspekta alisema, akakaa pembeni yake. "Hawatakuita. Kesi imekuwa ya yule dada na mzee wake peke yao."

Mjane alifikiri. "Hata mzee kunipokea siku ile hakumo?"

"Hakumo."

"Haya." Aliinamia ile karatasi, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. "Nilizunguka kwa wenzangu jana, wote watano. Nimeandika majina yote sita, na ya wazazi wao, na umri. Nilisema nisije nikakosea mbele ya serikali. Sasa nimpe nani?"

Inspekta aliipokea, kwa sababu alikuwa ameshanyooshewa. Mjane akamshukuru, akainuka, akaondoka kwa haraka kidogo maana zamu yake ya kufua ilianza saa kumi. Inspekta alirudi ofisini akafungua kabati la majalada atafute pa kuiweka, droo ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akaanza tena kutoka ya kwanza, karatasi ikiwa bado mkononi.